Ticha kachoka: historia ya uchovu wa walimu wetu, kutokea Dumila

Wasomaji wangu, leo naomba tuongee kuhusu walimu. Si kuhusu mshahara peke yake, maana hilo tumeliongea mpaka midomo imekauka. Nataka tuongee kuhusu kuchoka. Kule kuchoka ambako mtu akilala hakuishi, akienda likizo kunamfuata, na kengele ya asubuhi ikilia anajisikia kama anaitwa kizimbani.

Siku hizi kila mtu ana dawa ya uchovu huu. Kunywa maji mengi, lala mapema, fanya mazoezi, msikilize mhamasishaji fulani, jipende. Sina ugomvi na maji wala mazoezi. Ila nina swali: mbona tunaongea kana kwamba uchovu wa mwalimu umeanza juzi, na kana kwamba umeanzia ndani ya mwalimu mwenyewe? Una historia, tena ndefu, na ukiifuatilia unakutana na tarehe, maazimio na saini za wakubwa.

Tuanze na mwaka 1974. Mwaka huo, jijini New York, mwanasaikolojia aitwaye Herbert Freudenberger alichapisha makala kuhusu watu aliokuwa akifanya nao kazi ya kujitolea katika kliniki ya bure. Walikuja na moto, wakafanya kazi mchana na usiku. Baada ya muda wakageuka: hasira za karibu, kichwa kuuma, usingizi kukatika, na kuwadharau wale wale waliokuja kuwasaidia. Hali hiyo akaifananisha na kitu kilichoungua mpaka kikaisha. La kushangaza ni nani alikuwa anaungua kwanza. Hakuwa mvivu. Alikuwa yule anayejitoa kuliko wenzake.

Mwaka huo huo, Novemba, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma. Lengo la kila mtoto wa Tanzania kupata elimu ya msingi lilikuwa limepangwa kufikiwa mwaka 1989. Wajumbe wakaona ni mbali mno. Wakaazimia ifike Novemba 1977. Miaka mitatu!

Sidhani kama kuna mtu Musoma aliyesikia habari za Freudenberger, wala Freudenberger aliyesikia habari za Musoma. Lakini mmoja alikuwa akieleza ugonjwa, na wengine, kwa nia njema kabisa, walikuwa wakiandaa mazingira yake.

Ili tusipotelee kwenye takwimu, naomba tuchukue kiti kimoja cha mwalimu tukiweke Dumila, Wilaya ya Kilosa. Kama umewahi kupanda basi la Dodoma kutokea Dar, Dumila unaijua. Unaiacha Morogoro na milima ya Uluguru mgongoni, unakwenda karibu mwendo wa saa moja, kisha unakuta mji wa barabarani: malori yameegeshwa, mazao yamepangwa, na njia panda ya kuelekea Kilosa inachepuka kushoto. Wengi wetu tunaijua kwa dirishani tu. Kwenye kiti hicho tutamkalisha mwalimu wa kufikirika, mmoja kwa kila zama, tuone kinachompata.

Kabla hajaketi wa kwanza, tukumbuke kwamba eneo hili lina walimu tangu zamani. Huko Mamboya, kwenye vilima vya Ukaguru, wamisionari wa Kianglikana wa CMS walikuwa wameshaweka kituo kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1880. Katika misheni kama zile mwalimu Mwafrika alikuwa pia mhubiri, mkalimani na mwandika barua wa kijiji. Kazi nyingi, malipo kiduchu. Wasomi wa wakati huo walijua dawa moja: kukaa pamoja. Mwaka 1922 kule Tanga, Martin Kayamba na wenzake walianzisha chama cha watumishi wa serikali Waafrika. Makarani na walimu walikutana, wakasoma magazeti, wakacheza mpira, wakazungumza shida zao. Kwa hiyo jamani, kikundi cha kupeana moyo hakikuletwa na semina ya mwaka jana. Kina zaidi ya miaka mia moja.

Sasa mwalimu wetu wa kwanza, mwaka 1978. Ana miaka kumi na kitu. Amemaliza darasa la saba. Hajakwenda chuo kwa miaka miwili kama waliomtangulia, kwa sababu vyuo visingeweza kutoa walimu wote waliotakiwa. Serikali ikabuni mpango wa kumfundishia ualimu pale pale alipo: sehemu ya siku anafundisha watoto, sehemu ya siku anafundishwa na mratibu, jioni anasoma masomo kwa njia ya posta na kusikiliza vipindi vya redio. Kwa mpango huo walipatikana walimu zaidi ya 35,000 kati ya 1976 na miaka ya mwanzo ya 1980. Upande wa wanafunzi, idadi ilipanda kutoka kama milioni 1.2 mwaka 1974 hadi zaidi ya milioni 3 kabla ya muongo kwisha.

Ongeza na kisomo cha watu wazima. Tangu Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, mwalimu wa shule ya msingi ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Asubuhi watoto, mchana shamba la shule la Elimu ya Kujitegemea, jioni wazazi wa watoto wale wale. Sifa kemkem za kufuta ujinga tulizopata duniani (na tulistahili, maana mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma, na kufikia 1986 takwimu za serikali zilisema wamebaki kama mmoja katika kumi) zilijengwa juu ya mabega ya kijana huyu.

Alichoka? Bila shaka. Lakini alikuwa na kitu ambacho waliomfuata hawakuwa nacho kwa kiwango kile. Kijiji kilimhitaji na kilimwonyesha kwamba kinamhitaji. Madarasa yalijengwa kwa nguvu za wananchi, na mara nyingi nyumba ya mwalimu pia. Akipita anaamkiwa "Shikamoo Mwalimu" na wazee kwa vijana, na jina hilo hilo ndilo aliloitwa Rais wa nchi. Heshima haijazi tumbo, lakini inaahirisha kuchoka.

Halafu heshima ikaanza kuvuja. Watu wakabuni jina "mwalimu wa UPE", na wote tunajua lilisemwa kwa mdomo gani. Kijana aliyeombwa na taifa afanye kazi kabla hajaandaliwa akaja kuchekwa na taifa hilo hilo kwa sababu hakuandaliwa. Hili tulifanya, na tutaona tulivyolirudia.

Mwalimu wa pili, mwaka 1985. Vita vya Kagera vya 1978-79 vimeacha hazina tupu, mafuta ya petroli ni shida, sukari na sabuni ni za foleni. Mshahara upo kwenye karatasi. Kuufuata ni safari mpaka makao makuu ya wilaya, Kilosa mjini, zaidi ya kilomita 60, na enzi hizo njia ni vumbi kiangazi na matope masika. Akirudi, zile shilingi zimeshashuka thamani.

Hapa ndipo walimu walipojifunza kuishi kwa akili. Bustani ya mboga nyuma ya nyumba. Maandazi na barafu kwenye ndoo, wateja wakiwa ni wanafunzi wake mwenyewe. Masomo ya ziada ya kulipia. Na kati yao kwa wao, upatu: kila mwezi mnachanga, mmoja anachukua. Na kufa na kuzikana: msiba ukimpata mwenzio, orodha inazunguka ofisini kabla chai haijapoa. Tunayaona ni mambo madogo, lakini nasema kwa uhakika kwamba bila hayo shule nyingi za nchi hii zingefungwa miaka ya 1980. Hakuna waraka wa wizara ulioyaanzisha. Waliyaanzisha wenyewe, wakichangiana senti ambazo hazikuwatosha.

Sauti ya pamoja kisiasa ilichelewa. Tangu 1964 vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimeunganishwa katika NUTA, kisha JUWATA, chini ya mwavuli wa chama tawala. Ni mwaka 1993 ndipo Chama cha Walimu Tanzania, CWT, kilipoandikishwa kama chama chao wenyewe.

Mwalimu wa tatu, mwaka 2004. Serikali ya Mkapa ilifuta ada ya shule ya msingi mwaka 2001 na kuanza MMEM mwaka 2002. Jambo jema! Idadi ya wanafunzi wa msingi ilitoka kama milioni 4.4 mwaka 2000 ikafika zaidi ya milioni 7.5 mwaka 2005. Sera ilisema mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Mwalimu wetu aliangalia darasa lake, akaangalia waraka, akaangalia darasa tena. Na mafunzo yakafupishwa: mwaka mmoja chuoni, mwaka mmoja kazini.

Miaka michache baadaye zikaja sekondari za kata, na mwaka 2006-2007 vijana waliomaliza kidato cha sita wakapewa mafunzo ya wiki chache na leseni ya kufundisha. Mtaani wakabatizwa "Voda Fasta", kama ile huduma ya kurusha muda wa maongezi. Unaona? Miaka thelathini baada ya "mwalimu wa UPE", kejeli ni ile ile, imebadilishiwa nguo tu. Na aliyechekwa ni yule yule: kijana aliyeitika alipoitwa.

Ndipo subira ilipokatika. Mwaka 2008 walimu walitangaza mgomo, mahakama ikauzuia. Tarehe 30 Julai 2012 wakagoma kweli. Madai: mshahara kupanda kwa asilimia 100, posho ya kufundishia asilimia 55 kwa walimu wa sayansi na 50 kwa wa sanaa, na asilimia 30 kwa wanaofundisha katika mazingira magumu. Siku chache baadaye Mahakama Kuu Kitengo cha Kazi ikaamuru warudi darasani, wakarudi. Walirudi miili, lakini mioyo je? Freudenberger angeitambua hali ile: mtu yupo, anaandika ubaoni, ila hayupo.

Dumila ilikuwa na lake pia. Tarehe 22 Januari 2014 mafuriko yaliikumba Dumila na jirani yake Magole. Barabara kuu ya Morogoro-Dodoma ikakatika, maelfu ya watu wakabaki bila makazi. Mji kama huu ukifurika, mwalimu anayepanga chumba kule mabondeni anapoteza godoro na madaftari kama jirani yake, halafu anatakiwa kesho asimame mbele ya watoto ambao nao wamepoteza kila kitu, awatulize. Nani anamtuliza yeye? Kwenye vitabu vyetu vya maafa mwalimu huandikwa kama msaidizi, huandikwa kwa nadra kama mhanga.

Mwalimu wa nne, mwaka 2017. Elimu bila ada imeanza Januari 2016. Wanafunzi wa msingi walikuwa kama milioni 8.3 mwaka 2015, wakavuka milioni 10 mwaka 2018. Wakati huo huo, katikati ya 2016, ajira mpya na upandishaji madaraja vikasimamishwa. Yaani maji yanaongezwa, mtungi ni ule ule, na anayeubeba haruhusiwi kupanda cheo. Kwa miaka kadhaa mshahara haukusogea. Madaraja ya wengi yalipandishwa mwaka 2021, na kima cha chini kikaongezwa kwa asilimia 23.3 mwaka 2022. Mwaka huo huo sensa ilipofika, miongoni mwa makarani walikuwamo nani? Walimu.

Na huyu ana mzigo ambao wa 1978 hakuujua: simu. Saa tatu usiku ujumbe unaingia kwenye kundi la WhatsApp: taarifa fulani inatakiwa kesho asubuhi bila kukosa. Mwalimu wa UPE akifunga mlango, kazi ilibaki nje.

Sasa tuunganishe. Mara tatu nchi hii imefungua milango ya shule kwa watoto wote: 1974-77, 2001-2006, na 2016. Mara zote tatu ilikuwa ni haki, na mimi na wewe tunaosoma haya pengine tusingejua kusoma bila milango hiyo. Lakini mara zote tatu tofauti kati ya ahadi na uwezo ililipwa na mtu mmoja, kwa usingizi wake na afya yake. Tulimlipa kwa sentensi: "Ualimu ni wito."

Sentensi hiyo naiogopa. Haina uongo, wapo walioitwa kweli. Ila ukishasema kazi ni wito, anayelalamika anaonekana msaliti. Anayesema "nimechoka" anaambiwa hakuitwa. Basi ananyamaza, na uchovu usiosemwa hutafuta pa kutokea. Mara nyingi unatokea kwenye fimbo. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, na atoe mkuu wa shule au aliyemruhusu. Kila aliyesoma shule zetu anajua hesabu halisi. Simtetei mwalimu anayepiga. Mtoto hana kosa katika historia hii. Nasema tu kwamba darasa la watoto mia moja na mwalimu aliyeungua ni mahali ambapo fimbo hugeuka kuwa njia ya mkato.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali hii kuwa ni jambo la kazini: linatokana na msongo wa muda mrefu wa kazi ambao haukushughulikiwa vizuri. Soma tena: wa kazi. Kwa hiyo ukimwambia mwalimu wa Dumila dawa ni kupumua kwa utaratibu, umemwambia kweli nusu. Nusu nyingine ipo Dodoma, kwenye bajeti.

Na vile vikundi vyao je? Historia inaonyesha ndivyo vilivyowabeba: klabu ya Tanga, upatu, chai ya ofisini, SACCOS, vikoba, mpaka Benki ya Mwalimu iliyofunguliwa mwaka 2016 kutokana na juhudi za CWT. Ila tuwe wakweli kuhusu mipaka yao. Karibu vyote vilijengwa kwa ajili ya fedha na misiba. Mwalimu akifiwa, wenzake watajaa. Akiishiwa, watamchangia. Akichoka rohoni, hakuna orodha inayozunguka. Na pale fedha ya kikundi inapokwisha anaingia mkopeshaji wa mtaani, yule anayeshika kadi ya benki na namba ya siri mpaka deni liishe. Mwalimu anafanya kazi mwezi mzima kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kushika chaki. Halafu wapo wanaonung'unikia asilimia 2 ya mshahara inayokatwa kwa ajili ya chama, wakiuliza kinachorudi ni nini zaidi ya fulana ya Mei Mosi. Swali lao ni halali.

Ninachokiona kama mlango ni kitu ambacho tayari kipo. Katika miaka ya karibuni kuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambamo walimu wa shule moja wanakutana katika jumuiya za kujifunza kujadili masomo yanayowashinda. Muda upo, chumba kipo, watu wapo. Wakiweza kukaa kuulizana "sehemu hii ya hesabu unaifundishaje?", wanaweza kubakiza robo saa ya kuulizana "wewe mwenyewe unaendeleaje?" Mwalimu mgeni aliyepangiwa shule asikabidhiwe chaki tu, akabidhiwe na mwenyeji: mtu wa kumwonyesha soko, zahanati, na mkopeshaji wa kumkwepa. Anayeuguza nyumbani agawiwe vipindi vichache kwa mwezi huo. Jumamosi mbio za pole pole au netiboli, si kwa ajili ya kombe la mkurugenzi, kwa ajili ya kucheka. Kayamba na wenzake walicheza mpira mwaka 1922 na hakuna aliyewaambia wanapoteza muda.

Lakini haya yasiwe kisingizio. Kikundi kinaweza kumsaidia mtu kubeba mzigo. Hakiwezi kugeuza watoto 120 kuwa 45. Walimu wamekuwa wakitimiza sehemu yao ya mkataba kwa karne nzima. Upande wa pili wa mkataba ni ajira, nyumba, madaraja kwa wakati, na simu inayonyamaza usiku.

Wengi wetu mjini tumesomeshwa kwa mshahara wa mwalimu: mama, baba, shangazi. Tunawajua kwa madaftari mezani saa nne usiku. Ukimpigia leo, usimwambie ualimu ni wito. Muulize amechoka kiasi gani, halafu nyamaza umsikilize. Na bajeti ya elimu ikisomwa bungeni, usibadilishe chaneli.

Naomba kuwasilisha.